Kikombe Kinachohama Chenyewe

Nyumba ndogo ya chuma, chumba kimoja. Mwenye nyumba kahama na mizigo yake yote, mgeni kabaki ndani, kimya. Ni nini?

Kitendawili hicho alikitega Burl Caudill mwanzoni mwa video yake ya kusafisha bastola. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya kazi bandani, kofia kaisukuma nyuma, kikombe cha kahawa kiko kushoto kwake. Kila video aliianza kwa kitendawili, na kila kitendawili alikitegua kabla hajaaga. Isipokuwa hiki. Watu walikuwa wakimpa mji mwaka wa tatu sasa, na Burl hakuupokea, kwa sababu alikuwa amelala kilimani nyuma ya kanisa tangu asubuhi ile ya Machi moyo wake ulipogoma akiwa anafunga kamba za viatu.

Kufa alikufa, ila kusema hakuacha. Mkewe, Arvella, alikuwa ameshaizoea nyumba tupu, kiti kitupu, upande wa pili wa kitanda uliopoa. Asichokizoea ni sauti. Siku moja alikuwa dukani ananunua chakula cha kuku, mara nyuma ya magunia akamsikia mumewe: "Haya, sogea karibu, usiogope, haing'ati mtu asiyeichokoza." Arvella aliachia mfuko wa mahindi ukamwagika. Kumbe lilikuwa jibaba la ndevu limeegemea magunia, linatazama simu. Mama wa watu alitoka mikono mitupu, kuku wake wakalala njaa siku ile.

Tena, kila asubuhi kabla ya chai alifungua mtandao kutazama hesabu ya walioangalia. Laki nne na elfu kumi na mbili. Kesho yake mia tatu zaidi. Ilikuwa kama watu wanagonga kaburi na marehemu anaitika, anakaa, anatega kitendawili chake upya.

Na ndani ya video ile kulikuwa na jambo lililowafurahisha sana watu. Dakika ya nne, Burl anatoa magazini ya risasi, anaiweka pembeni, halafu anasema, "Sasa ni tupu." Hapo hapo kikombe kilichokuwa kushoto kinaonekana kulia. Hakuna mkono uliokigusa. Watu wakaandika chini yake: "Mzee, nyumba yako ina pepo!" "Pepo wa kahawa huyo, mwachie kidogo." "Muulizeni pepo jibu la kitendawili."

Pepo mwenyewe alikuwa akiyasoma hayo yote jikoni, kavaa aproni.

Maana Arvella ndiye aliyeshika kamera, na ndiye aliyekata. Burl hakujua hata kuwasha kompyuta. Kwenye video za kwanza watu walimsimanga: "Huyu anaongea mpaka bunduki inaota kutu." "Nimelala, nimeamka, bado anachungulia tundu." Burl alicheka tu. Arvella hakucheka, mtu akimsimanga mumeo, jeraha unalo wewe. Basi ile ya bastola alipofika mahali Burl anavuta mgongo wa bastola nyuma, anachungulia chemba, lile tundu la kukalia risasi, anavuta tena, anachungulia tena, na hakuna kinachotoka wala kinachoingia, Arvella akasema moyoni, hapa ndipo watakapomcheka. Akakata sekunde arobaini. Na nani asiyejua kuchungulia chemba? Katika bonde lile mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Kumwambia mtu achungulie ni kama kumwambia afumbue mdomo kabla ya kutia kijiko.

Ndivyo alivyofikiri. Lakini kadi ya kamera yenye video nzima hakuitupa. Aliiweka kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati, na toka mazishi hajaligusa kopo lile. Shati likikatika kifungo, alinunua kifungo kipya.

*

Alhamisi moja ya Oktoba, Arvella na wifi yake Zelpha, dada yake Burl, walikuwa barazani wanamenya matufaha ya kupika. Gari dogo la kijivu likapanda bondeni polepole, linakwepa mawe, namba zake za jimbo la Ohio.

"Huyo kapotea," alisema Zelpha. "Gari safi hivyo huliingizi bonde hili na akili zako timamu."

"Labda anauza bima."

"Akiwa wa bima, mwambie umeshakufa. Mimi nitalia."

Akashuka mzee mwembamba, shati kalifunga mpaka shingoni, viatu vinang'aa, daftari kwapani. Alivua kofia kabla hajafika ngazini.

"Samahanini, akina mama. Naitwa Otis Renfroe. Nimesambaza barua miaka thelathini na moja, kwa hiyo nyumba hainishindi kuipata, lakini hii yenu imenitoa jasho. Namtafuta Bwana Burl Caudill."

"Umechelewa, baba," alisema Arvella. "Amefariki. Miaka miwili na miezi saba."

Mzee yule alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba daraja alilolivuka sasa hivi halipo. "Lakini nimemwona leo asubuhi," alisema. Halafu akagundua alichosema, akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Basi nitamwuliza nani?"

"Kumwuliza nini, baba?" Zelpha aliuliza, kisu mkononi.

Otis alifungua daftari. Kurasa zake zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wa mtu wa posta, nadhifu, na hatua zote zimepewa namba, moja chini ya nyingine.

"Kaka yangu alikufa akaniachia bastola," alisema. "Mimi maisha yangu yote sijawahi kushika kitu hicho. Mke wangu, Lorene, akasema, Otis, tumpe mpwa wako, lakini kisafishe kwanza, hatuwezi kumpa mtu kitu kichafu. Lorene ndivyo alivyokuwa, hata sahani ya jirani aliirudisha na keki ndani. Nikatafuta mtandaoni. Nikaona vijana, muziki, makelele, bastola zinazungushwa kidoleni. Halafu nikamwona mumeo. Nikamwita Lorene, nikamwambia njoo uone, huyu ni mtu mzima, huyu hana haraka."

Zelpha aliacha kumenya.

"Nikafuata kila alichofanya. Kikombe chake kiko kushoto, nikaweka changu kushoto. Akatoa magazini, nikatoa magazini. Akasema 'sasa ni tupu,' na mimi nikasema, 'sasa ni tupu.' Lorene akacheka kule jikoni. Akasema, 'Unaongea na nani wewe mzee?' Mumeo akasema bastola aina hii haifunguki mpaka ubonyeze kifyatulio kwanza, akaielekeza kushoto, akabonyeza. Ikalia ta! Kavu. Na mimi nikaelekeza kushoto." Alipapasa ukingo wa kofia yake. "Kushoto kwake sijui kulikuwa na nini. Kushoto kwangu kulikuwa na ukuta wa jikoni."

Jogoo aliwika kule uani.

"Polisi wamesema ajali. Mchungaji kasema ajali. Binti yangu hajasema neno, mwaka mzima, akiniona anavuka barabara. Mimi nasema mtu hawezi kufuata njia ya mwenzake hatua kwa hatua, mwenzake akafika nyumbani na yeye akafika shimoni. Kuna kitu nilikosa. Nimeitazama mara mia tatu. Hata kitendawili chake nimeshindwa, nimempa mji, kanyamaza. Wewe ulikuwepo, mama. Niambie tu. Nilikosa wapi?"

Arvella alisimama. Maganda ya matufaha yakamwanguka miguuni.

"Ngoja nikuletee kahawa," alisema.

*

Zelpha alimfuata jikoni, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Usithubutu, Vella."

"Nisithubutu nini?"

"Usinifanye mjinga. Burl ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Burl aliichungulia hata bunduki ya maji ya watoto. Niliiona video ile siku ya kwanza, nikaona kikombe kinaruka, nikajua hapa pamekatwa. Nikanyamaza. Na wewe nyamaza."

"Yule mzee anadhani kosa ni lake."

"Na ukimwambia ni lako? Kesho anakuja na wakili. Watu wataandika jina lako kila mahali, kanisani watakupa kisogo. Una miaka sabini na moja, utahamia wapi?" Zelpha alishusha sauti. "Mwambie Burl alisahau. Basi. Mtu mzima husahau. Atalia, atakwenda zake."

"Nimtwike Burl?"

"Burl amekufa. Maiti haisikii uzito."

Arvella aliweka birika motoni. Harufu ya mafuta ya bunduki ikamjia puani, ile ya kitambaa cha Burl, ingawa kitambaa kile alikichoma mwenyewe. Ndipo sauti ikapenya mlangoni kutoka barazani: "Haya, sogea karibu, usiogope." Otis alikuwa ameifungua tena simuni mwake, peke yake kwenye ngazi, kama mtu anayejaribu ufunguo ule ule kwenye kufuli lile lile.

Arvella alisikiliza. "Naiweka pembeni. Sasa ni tupu." Baina ya maneno yale mawili hapakuwa na hata pumzi. Alikuwa amekaa na mtu yule miaka arobaini na sita, anamjua: Burl hakuwahi kusema maneno mawili bila kuvuta pumzi katikati. Mtu aliye hai hasemi hivyo. Mwenye kusema hivyo ni mtu aliyekabwa.

Na aliyemkaba alikuwa amesimama jikoni anangoja maji yachemke.

Alivuta kiti, akapanda, akashusha kopo la vifungo.

"Vella," alisema Zelpha. "Vella, mke wa kaka yangu, nakuomba."

"Zima moto," alisema Arvella. "Maji yatakauka."

*

Bandani hapakuwa pameguswa. Meza ilikuwa pale pale, kikombe kinaning'inia kwenye msumari, na kushoto kwa meza, chini, ndoo ya mchanga imekaa kimya na buibui wake. Otis aliitazama ndoo ile sana. Arvella alitia kadi kwenye kompyuta. Zelpha alisimama mlangoni, hakuingia, hakuondoka.

Burl akatokea. Kofia nyuma, kikombe kushoto. Akatoa magazini. "Naiweka pembeni," alisema, na safari hii akavuta pumzi.

"Mwenye nyumba kahama," aliendelea Burl, na Otis akashika ukingo wa meza. "Na mgeni je? Mgeni ni ile risasi moja iliyobaki chemba. Wewe ukimsahau, yeye hajakusahau." Akavuta mgongo wa bastola nyuma. Akachungulia. Akavuta tena. Akachukua kikombe kushoto akakihamishia kulia kupata nafasi, akatia kidole chake kidogo ndani ya chemba, akakizungusha taratibu kama mtu anayeonja asali. "Baba, mtu wa mgodini, alinifundisha gizani. Macho hudanganya, kidole hakidanganyi." Akaisukuma ndoo kwa mguu, ikaingia kidogo pembeni mwa picha, ikatoka tena. "Na hata hivyo, mdomo unatazama mchanga. Hautazami ukuta. Ukuta una watu nyuma yake."

Kisha akainua macho, akatazama juu ya kamera, akamtazama aliyeshika kamera.

"Vella, mpenzi, hapa usikate. Najua panachosha. Watu wa huku wanajua, lakini yuko mtu mmoja mahali fulani hajui."

Akarudi kwenye kazi yake. "Sasa ni tupu," alisema.

Arvella alikuwa ameyasikia maneno yale mara mbili tu, siku aliyoshika kamera na siku aliyokata. Alidhani ameyasahau.

Otis hakugeuza kichwa.

"Vella ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Aliyekata."

"Ni mimi. Aliniambia nisikate, nikakata. Yeye hakukosea, baba, na wewe hukukosea. Ulifuata kila ulichopewa."

"Kwa nini?"

Arvella alitafuta jibu kubwa, linalolingana na mwanamke aliyekufa jikoni kwake. Hakulipata. "Walikuwa wanamcheka," alisema.

Mzee yule aliinamia kompyuta. Halafu akasema, "Cheza tena." Arvella akacheza. "Tena." Ya tatu Otis aliinua kidole chake kidogo, kirefu, cheupe, akakizungusha hewani pamoja na Burl. Akafungua daftari. Baina ya hatua ya tatu na ya nne hapakuwa na nafasi, kwa hiyo aliandika pembeni, herufi ndogo ndogo, kama mtu anayebana neno la mwisho kwenye barua iliyokwisha karatasi.

"Kwa hiyo aliangalia," alisema.

"Aliangalia."

"Lorene alimsifu. Alisema mtu huyu ana mikono ya adabu." Alifunga daftari. "Sikusamehe leo, mama. Kesho sijui. Mwaka mzima nimejichukia mwenyewe, nimezoea. Kuihamisha chuki hiyo ije kwako kutanichukua muda."

"Ukija na wakili, nyumba unaijua. Sitakataa neno."

"Sijui," alisema Otis. Alivaa kofia. Alipofika mlangoni Zelpha alimpisha, akainama kidogo kama anavyoinama kanisani. Otis akageuka. "Lakini video ile usiiache mtandaoni hata saa moja. Sasa hivi tunavyoongea yupo mtu mezani."

*

Gari halijamaliza kushuka bonde, Arvella alikuwa ameshaifuta. Laki nne na zaidi wakafutika mbele ya macho yake, na pepo wao na vicheko vyao na miji yao yote waliyompa Burl. Halafu akajua kwamba kilichofutika ni hesabu tu. Watu wenyewe walikuwa wamekwisha kujifunza. Walikuwa huko kwao, kila mmoja na meza yake, na ukuta wake kushoto.

Aliisimamisha simu juu ya ndoo ya mchanga, maana hapakuwa na wa kuishika, akakaa kwenye kiti cha Burl kwa mara ya kwanza.

"Naitwa Arvella Caudill," alisema. "Mnashangaa kikombe kuhama chenyewe. Hakuna pepo. Ni mimi nilikata, na mtu amekufa. Sasa tazameni kilichokatwa."

Akaiweka video nzima nyuma ya maneno yake, akairusha mtandaoni. Zelpha hakumsemesha wiki mbili, kisha akaja na sufuria la maharage na mkate wa mahindi, akaliweka mezani, akasema, "Kula, mbishi we, umekonda kama ufagio." Matusi yalikuja, mengi, na Arvella aliyasoma yote. Kutoka Ohio hakuja wakili wala barua. Kila gari la kijivu likipanda bondeni, kisu kilimsimama mkononi.

Na walioangalia hiyo mpya walikuwa elfu tatu. Elfu tatu! Wachache mno kwa wale wote. Mmoja aliandika: "Inachosha. Ile ya pepo ilikuwa nzuri zaidi."

Novemba alikwenda tena kununua chakula cha kuku. Alikuwa anachagua mfuko, mara nyuma ya magunia: "Haya, sogea karibu, usiogope." Jibaba la ndevu lilikuwa pale pale, limeegemea pale pale, na simuni mwake Burl anatoa magazini. "Naiweka pembeni. Sasa ni tupu." Bila pumzi. Kikombe kikahama.

"Hiyo imefutwa," alisema Arvella.

"Aa, mimi niliihifadhi zamani, mama," alisema yule mtu, anacheka. "Tumetumiana sana na wenzangu. Si unaona kikombe? Hebu ona!"

"Na wewe una bastola?"

"Ya mke wangu. Nataka nimsafishie kesho."

Safari hii Arvella hakudondosha mfuko. Aliuweka chini vizuri, akakaa juu yake, akajifuta mikono kwenye koti.

"Mwanangu," alisema, "humo mna kitendawili hakijateguliwa. Nipe mji."

Yule mtu akamtazama, akaona mama mzima hachezi. "Haya," alisema. "Chukua Louisville."

"Louisville nimeikubali. Sasa zima hiyo, ukae hapa, nikutegulie." Na Arvella akanyoosha kidole chake kidogo.